Mpaka Unaosafiri kwa Toroli

Philbert Karugendo,
Balozi wa Nyumba Kumi,
Kijiji cha Ujamaa cha Umoja,
Buganguzi, Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Alhamisi, 6 Mei 1976

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Vijiji Safi na Vyenye Maua,
Muleba.

YAH: KUOMBA KIJIJI CHETU KINYANG'ANYWE USHINDI

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na somo hapo juu.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Kamati yako yote, pamoja na yule ndugu mnene aliyepigwa picha akiwa amesimama juu ya baba yangu. Jambo hilo nitalifikia katika lalamiko la nne, kwa sababu karani anayejua kazi yake haanzi na kubwa.

Mimi niliyetajwa hapo juu nilikuwa karani wa baraza kwa miaka kumi na tisa, mingine chini ya Waingereza na mingine chini ya Uhuru. Nimeandika malalamiko ya watu walioibiwa mbuzi, walioibiwa wake, na mmoja aliyedai ameibiwa ndoto. Sijawahi kuandika barua ya kuomba kwetu pasipewe tuzo. Kwa hiyo uelewe kwamba yamenifika hapa, na hapa naonyesha shingoni.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Januari Kamati yako ilipita kijijini kwetu, ikaona kila nyumba imezungukwa na vichaka vifupi vyenye maua mekundu, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi wa gwaride. Mkafurahi sana. Mkasema hamjaona wakulima wanaopenda uzuri namna hii, toka Ngenge mpaka ziwani. Mkatupa cheti chenye fremu, na toroli moja jipya la chuma, la kijani.

Ndugu Mwenyekiti, yale si maua. Ile ni mipaka.

Sijui kwenu ni wapi, kwa hiyo nitaeleza. Kwetu Buhaya mtu hapimi kibanja chake, yaani shamba la nyumbani kwake, kwa karatasi. Anapanda omulamula, ule mti mwembamba wenye majani marefu, na pale unaposimama ndipo kibanja chako kinapoishia na cha jirani kinapoanzia. Ukiukata, unachipua. Ukiung'oa ukautupa jalalani, unachipua jalalani. Baraza liliupenda sana kama shahidi, maana haudai chakula cha safari na haunywi rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kusimama kizimbani.

Mwaka 1974 Mwenyekiti wetu wa Kijiji, Ndugu Mutembei, alitangaza mkutanoni kwamba sasa sisi ni familia moja, na familia haina mipaka ndani ya nyumba yake. Emilamula, yaani miti hiyo yote, ing'olewe. Mimi nilisimama nikaunga mkono. Nilisema maneno makali juu ya makabaila na juu ya nyarubanja, ule utaratibu wa zamani ambao mkulima alikaa kwenye kibanja cha bwana na bwana akaweza kumfukuza siku yoyote atakayo. Nilisema ukoo wangu haujawahi kukaa chini ya bwana yeyote, ila hata hivyo nawaonea huruma waliokaa. Kesho yake asubuhi nikawa wa kwanza kung'oa. Niling'oa emilamula thelathini na mmoja niliyoipanda kwa mikono yangu mwaka 1949, Ndugu Mutembei akiangalia, nami nikapigiwa makofi. Makofi, Ndugu Mwenyekiti, hayachipui.

Sasa naingia katika malalamiko yenyewe.

LALAMIKO LA KWANZA: Tabia ya ua lenyewe

Kibanja changu kinapakana na cha Ma Ephrasia, mjane wa marehemu Mwijage. Namwita Ma kwa heshima kama tunavyowaita mama zetu wote wa hapa, na heshima hiyo siipunguzi hata katika barua ya kumshtaki. Wiki mbili baada ya kung'oa emilamula, huyu mama alikwenda kwa masista wa misheni na kikapu cha nyanya, akarudi na vijiti vya mmea unaoitwa taji la miiba.

Nimeuchunguza mmea huu mwaka mzima na zaidi, kwa nia ya kuulalamikia tu. Haupiti goti. Una miiba kila mahali, kama ile aliyovikwa Bwana wetu. Ukikwaruzwa unatoa maziwa yanayowasha jicho. Mbuzi haugusi, mtu haupiki, na rubisi haitengenezwi nao. Unachanua Januari, unachanua Juni, unachanua wakati wa senene, haupumziki. Mwanzoni nilitaka kuusifu kwa bidii hiyo. Baadaye nikaona unafanya kazi mwaka mzima na ghala la kijiji halijaona hata punje. Kwa hilo unafanana na baadhi ya kamati, sisemi ipi.

Na angalia unavyodekezwa. Serikali inatuambia tupande haraka mvua ya kwanza ikigusa ardhi. Ma Ephrasia anakata kijiti cha urefu wa kidole, anakiosha maziwa, halafu anakilaza kivulini siku nne bila kufanya lolote, ati kidonda kikauke, maana kikipandwa kibichi kinaoza. Udongo wake hauchimbi shambani kama watu wengine. Anachukua mchanga wa kijitoni, samadi ya zamani kidogo, na chini kabisa anaweka kokoto. Chombo chake ni debe tupu la mafuta ya kupikia kutoka duka la Muharami, na debe zima akalitoboa kwa msumari matundu sita ili maji yatoke. Tuna watu hapa wanaotembea mwendo mrefu kutafuta debe lisilovuja! Kumwagilia ni mpaka aingize kidole kwenye udongo kikatoka kikavu. Kidole hicho nimekiingiza mimi mwenyewe mara kadhaa, kwa ajili ya ushahidi.

Tena kijiti kikijaribu kurefuka kama mtu mwenye matumaini, anakikata kichwa. Anasema kikikatwa kinatoa matawi mawili, mmea unabaki mfupi na mnene na maua yanaongezeka. Nilimweleza mke wangu Benigna kwamba huo ni ukandamizaji. Benigna alisema kahawa yetu nayo ingefurahi kukandamizwa, haijapogolewa tangu Pasaka ya mwaka juzi.

LALAMIKO LA PILI: Ua hilo linatembea

Madebe kumi na mawili ya Ma Ephrasia aliyapanga mstari mmoja, pale pale ilipokuwa emilamula yangu. Nilijua anachofanya, naye alijua kwamba najua, na kijijini kwetu hiyo inatosha kuwa hati.

Lakini taji la miiba halipendi maji miguuni, na wewe unajua mvua yetu. Wingu likitokea ziwani, Ma Ephrasia anayabeba madebe yake na kuyaweka chini ya upenu. Jua likitoka, anayarudisha. Ndugu Mwenyekiti, hayarudi pale yalipotoka! Nina daftari. Tarehe 2 Novemba mwaka jana yalikuwa mahali pake. Tarehe 9 yalikuwa yamesogea hatua moja kuja kwangu. Tarehe 20, hatua mbili na unyayo. Hii leo madebe tisa yamo ndani ya kahawa yangu hatua tatu na kitu, na yale matatu yaliyobaki yako mahali ambapo nitapataja kwa uchungu.

Nilimwendea nikamuuliza kwa upole. Alinijibu kwa heshima zote, Ta Philbert, waitu, ua linafuata jua, na hapa kwangu migomba imefunika kila kitu. Nilirudi nyumbani nikalitafakari jibu hilo. Jua linatoka mashariki. Mashariki ndiko kwangu. Ikiwa ua linafuata jua na mpaka unafuata ua, basi kufika Krismasi mpaka wetu utakuwa umepita jikoni kwangu ukielekea ziwani, na mimi nitakuwa mgeni kwenye kitanda changu. Nimesaka katika kumbukumbu zangu zote za baraza sijaona mahali pa kukata rufaa dhidi ya jua.

LALAMIKO LA TATU: Kijiji kizima kimeambukizwa

Watu si wajinga. Waliona kwamba agizo la kung'oa emilamula halikusema lolote kuhusu maua. Kwa msimu mmoja tu, wanaume ambao hawajawahi kupanda hata pilipili kwa ajili ya kuitazama walikuwa wamepanga foleni kwa Ma Ephrasia wakiomba vijiti. Madebe yakaisha dukani kwa Muharami. Wakapanda kwenye sufuria zilizotoboka, kwenye mitungi iliyopasuka, na mzee mmoja amepanda kwenye kofia ya chuma aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma. Nimeikuta kofia hiyo wiki hii katikati ya viazi vya jirani yake. Hata huko Burma haikusonga mbele kwa kasi hiyo.

Zamani watu wa hapa waliamka wakaulizana habari za usingizi. Siku hizi wanaulizana huku kila mmoja akitazama chini, anahesabu madebe.

Ndipo mkaja ninyi. Badala ya kutuokoa, mkatupa tuzo. Na tuzo gani? Toroli! Kabla ya hapo mtu alibeba debe moja moja kifuani, linamchoma miiba, anachoka, na uchovu huo ndio uliokuwa ulinzi wetu. Sasa anapakia sita kwa mkupuo. Zamani mpaka wa kijiji hiki ulikwenda kwa miguu, leo unasafiri kwa toroli la Kamati. Linatunzwa kwa Ndugu Mutembei, na anayeliazima anaandika katika daftari kazi anayokwenda kufanya. Wote wanaandika "kubeba samadi". Toroli linarudi safi kabisa, na ndani yake kuna maua mekundu mawili matatu yaliyoanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta wenyewe sasa una gurudumu.

LALAMIKO LA NNE: Baba

Hapa naomba uache unachokifanya usome polepole.

Katika ile sehemu ambayo madebe yameingia kuna kaburi la baba yangu, Ta Ishengoma. Alifariki mwaka 1937 nikiwa shule ya misheni. Habari zilinifikia kwa miguu, nami nikaja kwa miguu, nikakuta udongo umeshakaa. Mama alinipeleka akanionyesha, hakusema zaidi, maana hakuwa mtu wa maneno. Niliporudi mwaka 1949 nikiwa karani na suti yangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupanda ile emilamula thelathini na mmoja upande wa pili wa kaburi, ili kaburi liwe ndani. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Alipolala baba yako ndipo kibanja chako kilipo, hata mtoto anajua, na katika miaka yangu kumi na tisa sijaona baraza lililoomba ushahidi mkubwa kuliko huo. Kisha nikapanda mibuni tisa kuzunguka.

Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa mwaka wa Uhuru. Nimekuwa nikipanga kuweka mwingine. Nakiri ni mwaka wa kumi na tano, lakini mipango mizuri haitaki haraka. Kaburi lenyewe nalijua vizuri sana, hata lilipokuwa chini ya magugu nilijua ni magugu yapi.

Sasa, bila ruhusa yangu, Ma Ephrasia ameyang'oa magugu hayo. Amelizungushia kaburi mawe meupe. Ameweka debe moja kichwani pa baba na mawili upande wa kulia. Na Januari, yule ndugu yenu mnene alipofika hapo alisema kwamba hii ndiyo bustani ndogo aliyokuwa akiitafuta wilaya nzima. Akapanda juu, akapigwa picha, halafu akaagiza kipigiliwe kibao. Kibao hicho kipo mpaka leo. Baba yangu Ishengoma, aliyebatizwa akalima akafa bila jina lake kuandikwa popote isipokuwa kwa Paroko, sasa ameandikwa kwa rangi nyeupe: BUSTANI YA MFANO.

Nilipokiona nililia. Sifichi. Mtu wa miaka hamsini na mitano, balozi, nikalia mbele ya kibao.

Nikueleze jambo ambalo Benigna peke yake ndiye aliyekuwa analijua. Mahali pangu pa kulala siku yangu ikifika nilishapachagua zamani. Ni pale, mkono wa kulia wa baba. Sikumwona akifa na sikumzika, nikasema basi angalau nitakuja kukaa karibu naye, tuwe na muda. Yale madebe mawili ya kulia yamekaa pale pale. Ukiniuliza huyu mama amechukua nini, sitasema hatua tatu za kahawa. Amechukua mahali pangu kando ya baba yangu. Huu ni unyarubanja umerudi, safari hii umevaa maua.

MAOMBI

Ndugu Mwenyekiti, najua ardhi yote ni mali ya Taifa, na nimewafundisha hivyo wenzangu wa nyumba kumi. Mimi siombi ardhi. Naomba tu kile kipande cha ardhi ya Taifa kilicho upande wangu kibaki upande wangu. Kwa hiyo:

(a) Ushindi wa kijiji chetu ufutwe, cheti kirudishwe, na toroli lichukuliwe. Kama hamna gari la kulichukua, ling'olewe gurudumu.

(b) Kila taji la miiba katika kijiji litolewe kwenye chombo chake lipandwe ardhini moja kwa moja, likae mahali pamoja kama watu wengine wenye heshima.

(c) Ma Ephrasia aitwe mbele ya mkutano wa kijiji, aulizwe kwa sauti kaburi lile liko katika kibanja cha nani, na ajibu kwa sauti.

(d) Kitu chochote kilichokutwa ndani ya kibanja cha mtu mwingine kiondolewe ndani ya siku saba, na mwenye kitu akibebe mwenyewe. Kiondolewe bila kujali kimekaa hapo miaka mingapi, bila kujali nani anakililia, na hata kama kimeshatoa mizizi. Pasiwe na rufaa. Ombi hili nimelipigia mistari miwili kwa wino mwekundu na naomba lisipunguzwe hata neno moja.

Nakutakia kazi njema wewe na nyumba yako, watoto, wakwe na wageni. Benigna anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini. Msalimie yule ndugu mnene, na umwombe siku nyingine kabla ya kusimama atazame chini. Sisi hapa ni wazima na tunaendelea kulijenga Taifa, kila mmoja kuanzia kwenye madebe yake.

Ni mimi, katika Uhuru na Kazi,

P. Karugendo
(Karani Mstaafu)

Nakala: Ndugu Mutembei, Mwenyekiti wa Kijiji, kwa kugonga muhuri.
Bwana Shamba, kwa taarifa.
Paroko, kwa sala.
Ma Ephrasia: asipewe.

BAADA YA SAHIHI, Jumamosi, 8 Mei.

Ndugu Mwenyekiti,

Barua hii iligongwa muhuri jana. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikiwafokea makarani wadogo kwamba barua ikishapigwa muhuri haichanwi, haifutwi, inaendelezwa tu kwa chini. Sasa naendeleza kwa chini, na natamani ningekuwa nimefundisha kitu kingine.

Leo asubuhi nilichukua kamba kwenda kupima, ili ile "hatua tatu na kitu" niiandikie kipimo kamili. Mvua za wiki hii zimesomba majani makavu chini ya kahawa. Hatua sita kutoka kaburini, kwa upande wangu, katikati kabisa ya mibuni yangu, niliona omulamula. Haukuwa mmoja, ilikuwa minne, kwa mstari ulionyooka. Kila mmoja ni kisiki kinene kilichokatwa miaka mingi iliyopita, na juu yake majani mapya ya kijani. Mimi sikuipanda. Yangu nilikuwa nimeing'oa yote, tena nikapigiwa makofi. Visiki vile ni vikubwa kuliko umri wangu.

Nilimwita Benigna. Aliangalia visiki, akaangalia kaburi upande wa pili, akajifuta mikono kwenye khanga. Aliniambia nivue kofia niende kwa jirani.

Ma Ephrasia alinikaribisha kiti, akaniletea kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyostahili, kisha akaniambia. Baba yangu na Mushumbusi, baba mkwe wake, walichanja chale wakagawana punje mbili za tunda moja la kahawa, wakawa ndugu wa damu. Kibanja changu, hiki ninachokiita cha ukoo usiowahi kukaa chini ya bwana, kilikuwa nyarubanja. Baba alikuwa mtu wa bwana. Mama alikikomboa kimya kimya baada ya baba kufa, nilipokuwa bado shuleni, akaona hakuna haja ya kumwambia mtoto anayejifunza kusimama wima. Karani wa miaka kumi na tisa, nimeandika habari za vibanja vya watu wote wa Buganguzi, cha kwetu sikukijua.

Baba alipougua, alisema Ma Ephrasia, hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba bwana atampa mtu mwingine kibanja, na huyo mtu atapanda migomba juu yake. Ndipo Mushumbusi akamkatia mahali katika kibanja chake mwenyewe, hatua sita ndani ya mpaka, mahali ambapo hakuna bwana angeweza kumfukuza. Mwaka 1949 nilipokuja na suti yangu nikapanda emilamula thelathini na mmoja katika ardhi yake, mzee yule alikuwa amekaa barazani ananiona. Mwanawe Mwijage alisimama aje kunizuia. Mushumbusi akamkataza. Alisema mwacheni mtoto, amekwenda kukaa na baba yake. Na kabla hajafa alimwachia Ma Ephrasia kazi ya kulitunza kaburi, kwa kuwa mtoto mwenyewe ana shughuli nyingi za ofisi.

Alinieleza yote hayo bila kupandisha sauti. Mimi nilitafuna kahawa yake mpaka ikaisha utamu.

Kwa hiyo, kuhusu maombi yangu. Maombi (a) na (b) yafanyeni mnavyoona. Ombi (c) limeshatekelezwa, nimejibiwa, na niliyetakiwa kujibu kwa sauti ni mimi. Ombi (d) nakusihi lifutwe leo hii, kabla siku saba hazijaanza kuhesabiwa, pamoja na ile mistari yangu miwili ya wino mwekundu. Kitu kilichokutwa katika kibanja cha mtu mwingine, kilichokaa miaka thelathini na tisa, kilichotoa mizizi, na ambacho kuna mtu anakililia, ni baba. Siwezi kumbeba.

Niliuliza pia habari ya yale madebe mawili ya mkono wa kulia. Ma Ephrasia alionekana kushangaa kidogo kwamba naweza kuuliza. Alisema Benigna alimweleza zamani, na yale yanashika nafasi tu, mtu asije akapanda mgomba.

Kibao cha BUSTANI YA MFANO kiacheni kwa sasa. Nimekwenda kwa fundi kuagiza msalaba, lakini hautakuwa tayari kabla ya wiki mbili, na sitaki akae bila jina tena.

Naishia hapa kwa sababu wingu kubwa limetokea ziwani, na taji la miiba halipendi maji miguuni. Ma Ephrasia ameondoka mchana huu kwenda msibani Kaagya, harudi mpaka Jumatatu, na madebe yote kumi na mawili yako nje. Toroli liko kwangu. Katika daftari la Ndugu Mutembei nimeandika "kubeba samadi".

P.K.